Toroli Lililokwama Mlangoni kwa Babu Refa

Wenzake walimwita Ratiba, naye hakukasirika. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu wa vifaa, na hata chafya yake angependa kujua mapema itakuja saa ngapi. Mhadhiri alipogawa vikundi, yeye akawekwa kiongozi wa watu wawili: Spana, kijana wa karakana aliyeongea zaidi kwa nyundo kuliko kwa mdomo, na Rangi, dada aliyeweza kuongea mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

Mteja wao alikuwa shirika la kujitolea linaloendesha makao ya wazee. Mkurugenzi wake, mama mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, aliwaeleza shida waziwazi. Maktaba ya makao ilikuwa jengo la nyuma, na wazee walikuwa wameacha kwenda huko. Walishinda vyumbani, wameangalia dari.

"Wanangu," alisema, "nataka vitabu viwafuate watu."

Basi wakaamua kutengeneza toroli. Lingekuwa na rafu pande mbili, kijisanduku cha redio, droo ya drafti, na magurudumu yasiyopiga kelele. Ratiba akaenda makaoni kupima milango. Kufika, akagundua futi ya chuo ameisahau. Kwa bahati, mkobani mlikuwa na futi ya bibi yake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, ile ya utepe. Akaunyoosha utepe mlangoni, akasoma namba ya mwisho: themanini na tano. Namba ya mwanzo hakuiangalia. Namba ya mwanzo nani huiangalia?

Spana akaunda toroli la sentimita themanini, kwa futi ya chuma ya karakana. "Tumebakiza tano za kupumulia," akasema, na hiyo ikawa hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule.

Siku ya kuonyesha maendeleo ya mradi ikafika. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Babu Refa, mzee aliyechezesha mpira ujana wake wote, na filimbi bado ilining'inia shingoni juu ya pajama. Mhadhiri na mkurugenzi wakatangulia kuingia, wapate kuliona toroli likiingia kwa madaha.

"Shikamoo, babu!" Ratiba aliita kutoka koridoni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete hicho kitu!"

Rangi akaanza hotuba ya ufunguzi. Spana, aliyejua kwamba haina mwisho, akasukuma.

*Kreeek!*

Toroli likaingiza ncha, likagoma. Spana aliamini kwamba hakuna tatizo lisilosikia bega. Akarudi nyuma, akatimua mbio, akalipiga. Sasa likawa haliendi mbele wala halirudi nyuma, limekaa mlangoni kama kizibo.

Babu Refa akapuliza filimbi. "Faulo! Namba tatu, kutumia nguvu kupita kiasi!"

"Tulia, Ratiba," Ratiba alijiambia. Akampigia bibi yake simu. "Bibi, ile futi yako ina nini?"

"Haina kitu, mwanangu. Ila ule mwanzo wake niliukata kidogo, nikafungia mfuniko wa birika."

"Kidogo kiasi gani, bibi?"

"Kidogo tu. Kumi hivi."

Themanini na tano, toa kumi: mlango ulikuwa sabini na tano. Ratiba akakaa chini. Kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na mpango.

Ndani ya chumba mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Dirisha lilikuwa na nondo, na mhadhiri alikuwa amekaribishwa vikombe vitatu vya chai ofisini. Akajaribu kupanda juu ya toroli, suruali ikanasa kwenye kijisanduku cha redio, akabaki hapo, kichwa koridoni na miguu chumbani. Redio ikajiwasha yenyewe na kuanza kutangaza hali ya hewa.

"Kadi ya njano!" Babu Refa akanguruma. "Kujiangusha!"

"Ratiba," mhadhiri alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu pumzi zake, "ratiba yako inasemaje kuhusu mtu kwenda msalani?"

Filimbi iliwatoa wazee vyumbani. Huyu na fimbo, yule na kiti cha magurudumu, bibi mmoja na kandambili zisizofanana. Wakamkuta mtu mzima ananing'inia juu ya vitabu. Bibi wa kandambili akamsogeza mkono kwa adabu. "Samahani baba, umelalia cha mapishi." Akakichukua, akavuta kiti. Wawili wakatoa drafti kwenye droo, wakaanza kushtakiana wizi kabla kete ya kwanza haijasogea. Rangi naye akapata watu wa kumsikiliza, na kwa kuwa nusu yao walikuwa hawasikii vizuri, akaanza hotuba upya.

Spana alifungua skrubu za rafu ya upande mmoja. Toroli likapumua, likarudi koridoni, suruali ikachanika kidogo, na mhadhiri akatoka kama mshale kuelekea mwisho wa korido. Babu Refa akamfuata kwa filimbi mpaka mlango wa choo ulipofungwa.

Mkurugenzi alitoka taratibu. Ratiba akamwendea, macho chini. "Mama, tusamehe. Kosa ni langu. Tutalipunguza."

Mkurugenzi alikuwa akiwatazama wazee wake wakigombana.

"Mwanangu, mimi nilidhani miguu imewashinda," alisema. "Kumbe ilikuwa haina pa kwenda. Usilipunguze hata kidogo. Liweke hapahapa koridoni, uniongezee viti." Kisha kicheko kikamtoka, na mahali fulani kikombe kikatikisika.

Mhadhiri alirudi akiwa mtu mpya, amefunika mpasuko wa suruali kwa faili. "Vipimo, sifuri," alitamka. "Mengineyo, mmenizidi akili. Endeleeni."

Juma lililofuata wazee waliunda kamati ya kuwashauri wanafunzi. Bibi wa kandambili alitaka kengele. Mzee wa fimbo alitaka pa kuegesha fimbo. Mwingine alitaka toroli limbebe yeye, vitabu vitafute usafiri wao. Ratiba alikuja na mpango wa kikao, kila jambo na dakika zake. Walipogombea kiti cha mwenyekiti mpaka kengele ya chakula ikalia, aliukunja mpango, akauweka chini ya kikombe chake cha chai, akauliza kete za drafti zimewekwa wapi.