Kwaya Iliyonificha Ratiba

Niwasimulieni aibu yangu, ila msicheke sana. Kwenye simu ya Tekla, mwanakwaya mwenzangu wa mtaa wa Lizaboni, tovuti ya kwaya yetu ilionyesha ratiba na matangazo. Kwenye yangu palikuwa na picha ya kanisa tu. Nikajua wameniondoa kimyakimya kwa sababu ya sauti yangu mbovu. Tangu hapo, kila aliyenisalimia na kuniulizia mama yangu aliyelazwa nilimwona mnafiki.

Mazoezini nikasimama mbele ya wote. "Kama hamnitaki, semeni."

Tekla akaichukua simu yangu. "Kaka Anselmi, hujaingia kwenye akaunti yako. Asiyeingia haoni matangazo. Weka neno la siri."

Nikaweka. Akasoma tangazo la kwanza kwa sauti: "Jumapili sote tunakwenda hospitali kumjulia hali mama yake Anselmi."