Siku Niliyopima Sindano za Santuri

Watu wa kazini hawajui kwa nini nikiona kitambaa cha kufuma masikio yangu hupata moto, na ningekaa nayo hii aibu hadi nistaafu, ila mke wangu, Mama Brenda, ameapa kwamba nisipoeleza mimi ataeleza yeye, na yeye akieleza huwa anaigiza.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, tunapanga nyumba Kitengela, upande wa machimbo ya mawe, nami nilikuwa mgonjwa wa santuri. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa majarida ya mtumba niliyookota Nairobi, kwamba siri ya sauti haiko kwenye spika wala kwenye amplifaya bali kwenye katriji, yaani kile kichwa kidogo, kisichozidi nusu ya kiberiti, kinachobeba sindano kwenye ncha ya mkono wa gramafoni. Basi nikanunua moja ya maana kutoka Japani (bei yake tuiache, Mama Brenda atasoma haya), na kuanzia hapo sikumsalimia mtu bila kumweleza tofauti yake na ile kuukuu iliyokuja na gramafoni.

Sasa, kulikuwa na Mzee Parsaloi, mfugaji wa Kimaasai kutoka Kisaju aliyetuletea maziwa. Alikuwa na santuri moja ya kwaya, ya zamani, na sauti inayoongoza ile kwaya ilikuwa ya marehemu mke wake. Alitaka iingizwe kwenye kaseti ili watoto wamsikie mama yao, lakini santuri yenyewe ilikuwa imechoka, na aliogopa kwamba sindano mbaya ingeimaliza. Wa kumkabidhi alikuwa ama mimi ama Wafula, fundi wa redio pale mjini, ambaye kwa maoni yangu hakuwa na masikio, alikuwa na spika kubwa tu. Nikawaalika wote wawili Jumapili baada ya kanisa, waje washuhudie nikizitambua katriji mbili bila kuziona.

Nilijipanga vizuri. Nilifunga shuka ya kitanda kukata sebule, gramafoni ikakaa nyuma yake. Mama Brenda angejificha huko na kupiga santuri ileile ya rumba mara mbili, kila mara kwa katriji tofauti, kwa mpangilio anaoujua yeye peke yake, nami ningetaja ni ipi. Ili asihangaike kubadilisha, ile mpya niliichomeka tu kwenye mkono wa gramafoni bila kuikaza. Halafu, kwa ajili ya vumbi la machimbo, nikafunika kila kitu kwa kitambaa cha kufuma kutoka kwenye kochi (kwetu kitu chochote kisichotembea huvishwa kitambaa).

Wageni wakafika. "Sopa," nikamsalimia mzee kwa Kimaasai, akajibu "Ipa," tukanywa chai. Kisha nikasogeza shuka, nikasimama mbele ya gramafoni nikiwatazama wageni, na bila kugeuka nikakivuta kile kitambaa kwa mbwembwe kama mtu anayezindua jiwe la msingi, nikakitupa begani, nikarudisha shuka, nikaenda kuketi katikati ya spika mbili, macho nimefumba, mgongo nimewapa wageni.

"Baba Brenda," mke wangu akaita kutoka nyuma ya shuka.

"Usiongee! Utaharibu jaribio."

"Lakini hii kitu yako..."

"Mama Brenda, piga santuri!"

Baada ya muda akapiga.

"Hii ni ile kuukuu," nikasema hata mwimbaji hajamaliza ubeti. "Mnasikia besi ilivyovimba? Magitaa yamebanana kama watu watatu kwenye kiti kimoja."

"Mimi nasikia gita tu," Wafula akasema.

"Ndiyo maana mimi sikulaumu."

Ikapigwa mara ya pili, na hapo nikaachia elimu yote. Nikasema sasa kuna hewa baina ya vyombo, nikasema mwimbaji anasikika akimeza mate, nikainua kidole kuonyesha pale hasa mpiga tumba alipoketi. Nyuma yangu Wafula alianza kukohoa, nikadhani ni chai.

"Kwa hivyo hii inaimba sasa ndiyo ile mpya?" Mzee Parsaloi akauliza kwa upole.

"Ndiyo, mzee. Hata mbele ya pasta naweza kuapa."

"Na iko huko nyuma ya shuka?"

"Iko huko, kwa mkono wa gramafoni."

"Sasa hii iko kwa mgongo yako," akasema, "ni ya tatu?"

Nikapeleka mkono nyuma. Katriji yangu ya Kijapani ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wa kitambaa, sindano imepinda, na ilikuwa hapo tangu mwanzo, ikinisikiliza. Wafula akaanguka kwenye kochi. "Profesa! Kumbe wewe unasikia na mgongo!"

Mama Brenda akatokea. "Nilitaka kukwambia, ukanikataza. Nikaweka ile ya zamani, mara zote mbili. Ningefanya nini, nikuaibishe mbele ya wageni?"

Niliomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Kitengela ni mwamba mtupu.

Mzee alitoa santuri yake kwenye mfuko, akanipita mimi, akampita Wafula aliyekuwa amekwisha nyoosha mkono, akampa Mama Brenda. "Yeyo, mama, wewe ndiye utaweka. Hawa wawili wanapenda kuongea. Mke wangu akiimba, nataka mtu wa kunyamaza."

Ikapigwa kwa ile katriji kuukuu, mara moja tu, kaseti ikizunguka. Wafula na mimi tuliambiwa tukae jikoni, mlango ufungwe, tusije tukachafua rekodi kwa maoni yetu. Sauti ya yule mama ilipenya hadi kwenye sufuria. Nilifungua mdomo nieleze kitu kuhusu besi, kisha kupitia mlango nikasikia mzee akilia, nikafunga mdomo.

Siku hizi mtu akiniuliza katriji ipi ni bora, namwelekeza kwa Mama Brenda. Na gramafoni yetu ndiyo kitu pekee nyumbani kisichovaa kitambaa.