Nguzo Nne za Haroub Vuai

Mwaka 1977, mafuta yalipokuwa yakiijenga Jidda upya kila wiki, mjomba wangu Haroub Vuai alipewa kazi ya kupiga lipu nguzo nne za mbele ya benki mpya. Mwenye benki alikuwa amerudi kutoka London na picha ya benki ya enzi za Malkia Viktoria, akataka yake iwe na uso ule ule: ngazi pana, pembetatu juu ya mlango, na nguzo nene za kumtuliza roho mwenye kuweka mali yake ndani.

Haroub alizijua nguzo za namna hiyo. Ujanani kwake Unguja alikarabati benki ya Waingereza chini ya fundi wa Kihindi, aliyemfundisha kwamba nguzo iliyonyooka kabisa, ukiitazama kwa mbali, huonekana imebonyea kiunoni. Basi fundi huitia tumbo dogo, unene wa kidole tu. Huko Jidda akafanya hivyo hivyo, wala hakumuuliza mtu.

Mhandisi Munir, Mlebanoni, akaja na uzi wake kupima.

"Mzee, nguzo zako zina mimba."

"Ndivyo zinavyotakiwa, bosi. Vuka barabara uzitazame."

"Mimi natazama mchoro. Kwangua, au namwambia kafili wako akukatie tiketi ya ndege."

Ikama ya Haroub, kibali chake cha ukaazi, ilibakiza siku kumi na mbili, na wa kuihuisha alikuwa huyo kafili, mdhamini wake. Nyumbani kwake, mtaa wa Ghulail, alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga.

"Ndege ya kwenda wapi?" akamuuliza mkewe, Mashavu. Walikimbia Unguja mwaka 1964, na nyumba yao ilikuwa na watu wengine.

"Jibu unalo. Kaa basi, baba Jokha, unanitia kizunguzungu."

Asubuhi alikwangua nguzo moja ikanyooka, kisha akamwomba Munir avuke barabara. Munir akavuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Ile imekonda," alikiri. "Lakini saini yangu iko kwenye mchoro. Kwangua na hizo tatu. Yalla."

Akazikwangua, kwa mkono wake mwenyewe, siku mbili. Ikama ikapigwa muhuri.

Miaka imepita, na bado hataki kupita barabara ile. Teksi ikiikaribia, huanza kujigeuzageuza kitini.

"Wenzio wanakimbia polisi," Mashavu humwambia, "wewe unakimbia nguzo."

Haroub humgusa dereva begani, amwambie akate kulia.