Wimbo wa Miguu Yangu

Kila nikisikia mtu akiwafundisha viongozi wa kazi "kutawala hisia", damu hunichemka. Namkumbuka msimamizi mmoja wa mradi karibu na Migwani, aliyekuwa amesomea mambo hayo na akapewa cheti.

Tulikuwa tunajenga ukuta wa kukinga mchanga mtoni, ili maji ya mvua yabaki chini ya mchanga huo wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa nyapara. Waliobeba mawe walikuwa wanakijiji, wengi wao akina mama, waliokuja kwa mwethya, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Mawingu yalikuwa yameshafunga upande wa milimani na pengo la katikati lilikuwa bado wazi. Mto ungeshuka kabla hatujaliziba, ungebeba kila kitu.

Kwenye mwethya nyapara huimbwa. Mama anayeongoza wimbo anakutafutia kasoro, mstari unaitikia, mawe yanapita mkono kwa mkono. Wewe unajibu kwa utani. Ukinuna, watu wanachoka ghafla. Siku hiyo aliimba miguu yangu, kwa Kikamba: kwamba mbu wakiiona hudhani ni vijiti vya ua, wanapita. Watu wakacheka.

Msimamizi hakujua Kikamba. Alidhani anachekwa yeye.

"Nyamazeni. Hapa ni kazini, si kanisani."

Wakanyamaza. Mawe yakaanza kuja moja moja, kama yanatoka hospitali. Simiti ikaanza kukauka kwenye karai. Naye akanigeukia mbele ya watu wa umri wa mama yangu: "Nyapara, umeshindwa na watu wako?"

Nilikuwa na mwiko mkononi na nilitaka kuutumia vibaya. Nikauchomeka kwenye simiti, nikaingia kwenye mstari, nikapokea jiwe.

"Mama, ulikuwa umefika wapi?"

Alimtazama msimamizi, kisha mimi. "Kwa miguu, mwanangu."

"Basi panda magotini. Huko ndiko kubaya zaidi."

Akapanda kwa wimbo, mstari ukaitikia, mawe yakaanza kupita tena. Msimamizi akaja nyuma yangu kwa kasi. Nikamwambia bila kugeuka, "Mkubwa, nifukuze kesho. Leo mto unakuja."

Tuliziba pengo mvua ikitupiga migongoni. Ukuta ulisimama. Kesho yake alinifukuza kweli, kwa sauti ya upole, mkono wake begani mwangu, kama alivyofundishwa. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nimezunguka sana, Kabati, Kambu, popote penye ujenzi, na hasira ile nimetembea nayo. Majuzi nilirudi nikateremka mtoni. Jina la msimamizi limechorwa juu ya ukuta. La mama yule halipo. Yeye mwenyewe alikuwepo, anachota maji mchangani. Aliangalia suruali yangu kwanza, uso baadaye.

"Bado hujanenepa huko chini?"

"Napikiwa na nani, mama?"

Akanipa maji kwenye kikombe. Nilikaa juu ya lile jina, makusudi, nikanywa.