Fundi Aliyekalia Paneli

Kabla hujaanza kunicheka, nikuulize: umewahi kuogopa saa sita mchana? Usiku kila mtu anaogopa, hata mlevi. Mimi hofu yangu ilinikuta jua likiwa utosini, nguo zimeanikwa, redio ya jirani inapiga kwaya, hapa hapa Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Sikuwa na homa, sikuwa nimesinzia, na pombe siijui ladha yake. Haya yalinipata mimi, ndani ya nyumba yangu. Ukitaka kubisha, subiri nimalize.

Mama yangu mzazi, mtu wa Gulwe, aliharibika mapafu. Hospitali walisema ni moshi wa kuni wa miaka yote ile. Nikamleta kwangu, naye akapewa mashine ya oksijeni, ile inayokaa sakafuni kama ndoo kubwa na kunguruma mchana na usiku, mpira wake ukiingia puani. Mashine ikizimika, midomo ya Mama ilikuwa inabadilika rangi hata sala ya Baba Yetu hujaimaliza. Kwa hiyo umeme kwetu haukuwa habari ya friji na televisheni. Ulikuwa pumzi yake.

Ndiyo maana niliweka sola. Paneli juu ya bati, inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa jua uwe wa kutumika nyumbani, ukutani sebuleni, na umeme wa jua unaobaki unarudi kwenye nguzo. Mashine ya Mama ilipata umeme wake kupitia inveta hiyo. Nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naianza. Ilipofika Oktoba, jua la Dodoma unalijua, kila mchana umeme wa nguzo ukawa unapanda kupita kiasi, na inveta inajizima.

Fundi aliyenifungia, anaitwa Ndahani, alinieleza hivi: "Dada, mtaa wenu mmejaza sola. Mchana watu wako makazini, hakuna anayetumia, kila paa linasukuma umeme nje. Laini imejaa. Inveta ikiona umeme umezidi, inajizima ili isiungue." Betri zangu nazo zilikuwa zimechoka, zinashika dakika chache kisha chali. Kuichomeka mashine moja kwa moja kwenye umeme wa nguzo alinikataza kabisa, kwa sababu ungeiunguza. Tulikuwa tumeshatoa taarifa, tunasubiri watu wa umeme waje kuurekebisha kwenye transfoma.

"Mkiwa mnasubiri," akaniambia, "ukiona namba inapanda, washa vitu vizito. Pasi, jagi la umeme, jiko. Utumie umeme wako mwenyewe badala ya kuusukuma nje. Namba itashuka."

Basi nikawa mtu wa kutazama namba. Kwenye kioo cha inveta kuna namba ya umeme wa nguzo, na chini yake namba ya umeme unaotoka kwenye paneli. Hii ya chini nilikuja kuizoea kama sura ya mtoto. Kiwingu kikipita, inaanguka. Kunguru akitua kwenye paneli, inaanguka kidogo, akiruka inapanda. Kunguru tu, ndege mwenyewe hana hata kilo. Tafadhali mkumbuke huyo kunguru.

Siku yenyewe nilikuwa likizo, na mtungi wa oksijeni wa akiba ulikuwa umeisha. Asubuhi nilimpigia Ndahani. Akasema yuko Chemba kikazi, atapita jioni, ila akipata fundi mwenzake wa karibu atamtuma. Nikashinda na masikio mlangoni.

Saa sita na kitu nikasikia, "Hodi."

Nilikuwa jikoni na mikono ina unga. Nikasubiri arudie, si ndivyo watu wanavyofanya? Hakurudia. Ukimya ukawa mrefu mpaka nikadhani ameshaondoka, nikakimbia huku napaza sauti, "Karibu, karibu fundi, usiende."

Alikuwa amesimama dirishani, ovaroli ya bluu, sura ya upole.

"Nimekuja kwa ajili ya umeme," akasema.

Niamini, hakuna kilichonishtua. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba viatu vyake vilikuwa vinang'aa, na hapa Mkonze hata malaika akishuka atakanyaga vumbi. Nikakumbuka pia kwamba hakuwa na jasho wala mkoba wa vifaa. Utaniuliza kuhusu kivuli. Saa sita ya Oktoba, kivuli chako mwenyewe kinajificha chini ya nyayo. Nani siku hiyo alikuwa na kivuli cha kuonyesha?

Nilimwonyesha upande wa paneli nikarudi chumbani kwa Mama. Sikusikia ngazi ikiburutwa. Nilichosikia ni sauti yake juu ya dari, karibu mno, utadhani yuko nasi chumbani.

"Dada, zima kila kitu nianze kazi."

Ni jambo la kawaida, hakuna fundi asiyesema hivyo. Nikazima friji, nikazima televisheni, nikazima na pampu ya maji.

"Umezima vyote?"

"Bado mashine ya mgonjwa."

"Na hiyo. Ni muda mfupi tu, dada. Mtapumzika wote."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Nakuapia, kidole kilikuwa juu yake. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, akauvuta mpira pembeni ili aongee.

"Huyo," akasema, akavuta pumzi, "alipiga hodi mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Kwani vipi?"

"Ulimkaribisha wewe?"

"Nilimkaribisha."

"Amepita dirishani hapa. Amenitazama. Hakuniamkia." Akavuta pumzi tena. "Mtu mwenye damu hurudia hodi, mwanangu. Usizime."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Mama, usianze." Ndiyo. Mimi na elimu yangu ya kuchapa barua za ofisi. Nikamrudishia mpira puani, nikatoka uani kwa hasira ili nimwambie huyo fundi afanye kazi mashine ikiwa inawaka, na kama hawezi ashuke.

Nikamwona. Alikuwa ameketi juu ya paneli. Sikusema kando yake, nimesema juu yake, katikati, miguu ameinyoosha, mikono juu ya magoti. Hana bisibisi, hana chochote. Ananitazama.

Nikasema moyoni, huyu ataivunja, na kwanza ameshaniharibia umeme wote. Nikarudi sebuleni mbio kutazama namba ya paneli imeanguka kiasi gani.

Haikuwa imeanguka.

Nikaisoma tena. Nikatoka mlangoni, nikamtazama, bado ameketi. Nikarudi ndani, namba iko pale pale, imejaa kama hakuna kitu juu. Kunguru anaishusha. Huyu mwanamume mzima amekalia paneli mbili, na jua linampita tu linakwenda kwenye kioo cha paneli. Hapo niliogopa, sitakudanganya.

"Dada," sauti ikashuka kutoka darini. "Umezima?"

"Bado."

"Si neno. Itajizima yenyewe."

Nikatazama namba ya juu, ile ya umeme wa nguzo. Ilikuwa inapanda. Mia mbili hamsini, hamsini na moja. Ikipita hamsini na tatu tu inveta inazima, na nani alikuwa amemsaidia kuipandisha? Si mimi niliyezima friji na pampu kwa kumtii? Kila nilichokizima, umeme wake ulikuwa umekwenda kujaza laini.

Nikakumbuka maneno ya Ndahani, nikaanza kuwasha. Pasi, nikaisimamisha juu ya meza. Jagi. Jiko la umeme, sahani zote mbili, bila sufuria. Friji, pampu, televisheni, taa zote mchana kweupe. Namba ikasimama kwenye hamsini na mbili, ikawa inatetemeka, haipandi wala haishuki.

"Unafanya nini, dada?" Upole ulikuwa umekwisha. Bati likalia juu yangu kama linapindwa.

Nikafungua dirisha la nyuma, nikamwita jirani, Mama Neema. "Jirani, washa pasi. Washa kila ulicho nacho, na mwambie wa pili naye awashe. Mama anakufa."

Mungu ambariki yule mwanamke, hakuniuliza kwa nini. Nilimsikia akiingia ndani anakimbia, kisha nikamsikia akipaza sauti kwa nyumba ya tatu. Nikabaki nimekikodolea macho kioo cha inveta. Hamsini na mbili. Hamsini na moja. Arubaini na tisa. Mashine ya Mama ikanguruma bila kukatika, na mimi nikakaa chini nikalia.

Tulikaa hivyo, nyumba imekuwa tanuri, jagi linachemka naongeza maji, linachemka tena. Mama amenishika mkono. Juu hakuna hatua, hakuna mkwaruzo, lakini tulijua yupo. Jua lilipoinama, nikaona kwa dirishani kivuli cha nyumba kikianza kutokeza uani. Ndani ya kivuli hicho niliuona ukingo wa bati, nikauona mstari wa kilele cha paa umenyooka, hakuna mtu aliyeketi pale. Na hapo hapo, juu ya kichwa changu, sauti ikasema taratibu, "Hata kesho kuna jua."

Ndahani alifika jioni. Hakuwa amemtuma mtu yeyote. Ngazi yangu ilikuwa nyuma ya banda la kuku, imefungwa na utando wa buibui. Akaiweka, akapanda, akakaa juu muda. Aliposhuka aliniambia vumbi la kwenye paneli halijaguswa, hata alama ya kidole haipo. Nilimpa soda. Hakuinywa.

Watu wa umeme walikuja siku chache baadaye, wakaushusha kwenye transfoma, inveta ikaacha kujizima. Hodi haikuacha. Kila siku, jua likiwa utosini, "Hodi," mara moja, kisha kimya. Mimi na Mama tunatazamana, hatuitiki. Pasi nilikuwa naiwasha hata kama haihitajiki.

Mama aliishi mpaka mtama ulipovunwa. Alikufa alfajiri, mashine inawaka, mkono wake ndani ya wangu, baada ya kusali. Nilimlilia na bado namlilia, lakini namshukuru Mungu kwa jambo moja: alikufa kifo chake. Hakufa kwa kidole changu.

Baada ya msiba niliipeleka mashine Chemba, kwa binti anayeitwa Agnesi, anayemuuguza baba yake. Nao wana sola na umeme wa nguzo. Kesho yake saa sita ikapita, hapa kwangu hakuna hodi. Nikashusha pumzi. Keshokutwa yake kimya. Nikaanza kuimba jikoni, halafu wimbo ukanikauka mdomoni. Kwani mimi nilikuwa nimebaki na nini alichokuwa anakifuata?

Nikapiga simu. Agnesi akapokea kwa furaha.

"Afadhali umepiga, dada. Fundi wako ameshafika, mpole kweli. Yuko juu ya bati, anasema tuzime kila kitu."

"Agnesi," nikamwambia, "alipiga hodi mara ngapi?"

Kwenye simu nilisikia mashine inanguruma.

"Mara moja."

Alinisikiliza, hakuzima. Baba yake yu hai mpaka leo. Na wewe sikuombi uniamini, maana hata mimi mama yangu mzazi nilimwambia asianze. Nakuomba hili tu: kama una mgonjwa ndani na mtu akaja jua likiwa utosini, akapiga hodi mara moja, usiwe na haraka ya kuitika. Na ukiwa umeshaitika, naye yuko juu anakuambia zima, kabla hujanyoosha mkono katazame namba ya paneli.

Mimi kila siku saa sita nawapigia Chemba. Wakichelewa kupokea, nawasha pasi.