Vifuniko vya Soda Mezani

Dada wa maabara ninayofagia, hapa mtaani Remera, hupokea samaki wa miamba kutoka Mombasa wakiwa kwenye barafu. Anakata mashavu yao ya kupumulia kwa mkasi mdogo, anayalaza kwenye visahani vya maji, na minyoo bapa inayoishi humo inaachia taratibu. Kisha anainamia darubini, midomo ikihesabu ndoano za mkiani, maana kila ukoo una ndoano zake. Akikosea anajicheka, anaanza upya.

Wiki niliyorudi kutoka kumzika mke wangu, nilimwaga visahani vitatu nikidhani ni maji machafu. Karatasi ya kukataza ilikuwepo. Mimi sisomi, na pale hakuna aliyejua. Mkubwa wetu, Conrad, akafoka, "Mzee, karatasi hukuiona? Kazi umeichoka?" Dada akasema, "Niliiweka vibaya mimi." Akanigeukia. "Pole, mzee. Samaki ana mashavu mawili. Ya kushoto bado ninayo."

Kesho yake karatasi haikuwepo. Kando ya kila kisahani chenye minyoo kulikuwa na kifuniko chekundu cha soda.

"Michezo gani hii?" Conrad akauliza.

"Ndivyo ninavyopanga," dada akajibu.

Shukrani sikuitamka. Ila kila asubuhi, kiti chake ndicho ninachokipangusa kwanza.