Haipaboli kwa Mtani

Juzi jioni niliketi nyuma ya darasa la Kiingereza la watu wazima, hapa Kariakoo. Mwalimu, bwana mwenye tumbo kubwa, alimaliza somo la ufupisho wa maneno, akaingia kwenye usemi wa kutia chumvi, ambao Waingereza huuita haipaboli.

"Nani ana mfano?"

Akasimama seremala mmoja wa Ilala. "Mwalimu, tumbo lako hufika Posta asubuhi, wewe mwenyewe hufika adhuhuri."

Mwalimu akaiweka chaki mezani taratibu. Nikajua mtu anafukuzwa.

"Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Mimi Mnyamwezi!" Akacheka mpaka akashika meza. "Umepata, mtani wangu. Na siku ukifa nitalala kaburini mwako, nione watakuzika wapi."

Jirani yangu, Mchaga mwenye duka, alikuwa naye amenyoosha mkono. Akaushusha polepole, akaninong'oneza: "Yangu ilikuwa kali zaidi. Lakini mimi si mtani wake."

Nikaazima kitabu cha darasa. Kinaeleza vizuri haipaboli ni nini. Unaruhusiwa kumtupia nani, hakisemi. Sasa Waingereza wenyewe hujuaje?